Mlima si wa wageni peke yao, anzeni na Ziwa Chala

CHINI YA MLIMA
Na Ndeshi Mallya

Desemba ikikaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hayana nafasi. Watu wanarudi Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Mbege inapikwa, mbuzi anachinjwa, harusi na kipaimara vinagombania Jumamosi moja. Watoto waliokulia Tabata na Kimara wanakaa barazani na simu zao, na likizo inakwisha bila hata mmoja wao kuukanyaga Kilimanjaro, mlima ambao ukoo mzima unajivunia.

Lawama ni yetu wakubwa. Mlima tumeuzoea kwa mgongo wa mpagazi: kijana wa jirani anapanda kwa sababu mgeni amemlipa, anashuka na bahashishi yake, basi. Kwetu kupanda ni kibarua, kwa mgeni ni ushujaa. Matembezi ya baba, mama, shangazi na watoto hayamo katika hesabu zetu.

Hata tukithubutu kupanga, tunaanzia juu mno. Mtu ameona picha ya kibwawa kile chini ya kuta za Mawenzi, maji yametulia na mwamba mweusi umesimama nyuma yake, anataka familia nzima ifike pale. Kibwawa kile kiko zaidi ya mita 4,300 kutoka usawa wa bahari, na hufikiwa baada ya siku kadhaa za kutembea. Hewa ni nyembamba, usiku ni barafu, na kichwa cha mtu mzima aliyezoea milima huuma, sembuse cha mtoto wa darasa la tatu.

Ziwa la mlima linalofaa familia ni Chala. Liko Rombo, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, nusu yake Tanzania na nusu Kenya. Liko nje ya hifadhi, na mwinuko wake, chini kidogo ya mita 900, haupishani sana na Moshi mjini, kwa hiyo hakuna wa kuugua kwa sababu ya kimo. Kutoka Moshi unapita Himo, unashika njia ya Holili, na kabla ya mpaka unaelekea kaskazini. Mkiwa wengi, kodini Noah mchangiane mafuta.

Ziwa lenyewe hulioni mpaka ufike ukingoni. Unatembea kwenye vichaka na migunga, nchi kavu kabisa, ghafla ardhi inakatika na maji yako chini yako, karibu mita 100 za ukuta wa volkano. Maji hubadilika rangi kwa majira, kutoka buluu hadi kijani. Hapo mwambie mtoto atafute mto unaoingia. Hatauona, kwa sababu hakuna mto wa kudumu unaoingia wala unaotoka. Maji yanakuja chini kwa chini kutoka mlimani. Wengi tunadhani ni theluji ya kilele cha Kibo inayoyeyuka, lakini sehemu kubwa ni mvua inayonyesha kwenye msitu, inazama ardhini na kuibukia huku chini. Mtoto akilielewa hilo pale ukingoni, ataelewa pia kwa nini babu anagomba mtu akikata miti juu ya mfongo, mfereji wa kumwagilia.

Mwambie na hili: mwaka 2016 wanasayansi walitoboa matope ya sakafu ya ziwa hili, wakatoa kumbukumbu ya miaka yapatayo 250,000 ya mvua na ukame, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya mita 200 kwenda chini.

Sasa mipango. Ondokeni alfajiri. Kibo hujifunika mapema, na ukanda ule wa chini mchana ni tanuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, acheni, barabara inateleza. Viatu viwe raba zenye meno, kwa kuwa njia ya kushuka majini ni mteremko mkali wa mawe na vumbi. Ndala zibaki nyumbani. Kila mtu abebe maji yake. Chakula kisiwe cha shughuli: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati, ndizi mbivu. Kiburu kitawasubiri jioni. Wekeni akiba ya fedha taslimu kwa ajili ya kiingilio na mwenyeji wa kijijini atakayewaongoza. Anajua njia, na fedha inabaki palepale.

Kipimo cha safari kiwe yule mdogo kuliko wote, au bibi kama amekubali kuja. Akichoka yeye, wote wamechoka. Asiyeweza kushuka abaki ukingoni kivulini na mtu wa kumwangalia. Atakuwa ameona ziwa zima kuliko walio chini.

Jambo moja halina mjadala: hakuna kuogelea. Ziwa lina kina cha karibu mita 90, na Machi 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba upande wa Kenya. Watoto waambiwe kabla ya kutoka nyumbani, si wakiwa wamekwishavua mashati.

Na taka zenu rudini nazo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa za maji bado zinatupwa kila mahali.

Wakipenda, mwakani wapelekeni Marangu, kutoka lango la hifadhi hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,720. Ni kwenda na kurudi siku moja, na Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kidogo sana kuliko mgeni. Kibwawa cha Mawenzi watakipandia wenyewe wakikua.

Ndugu zangu mnaokuja Desemba hii, katika ratiba ya ndoa, vipaimara na ndafu, chomekeni siku moja ya Chala. Ipangeni sasa, kabla mjomba hajaweka kikao cha ukoo.