SHAHADA YAKO YA KUPIGIA KURA NI USHAHIDI, USIICHEZEE



Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, na nyote mnaonifuatilia hapa popote mlipo.

Katika Shaabani ya mwaka 2025 macho yetu yote yalikuwa kwenye Ramadhani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikungoja mwezi uandame. Kuanzia Februari 13 hadi 19, 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura hapa mkoani Pwani. Siku saba tu! Vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni.

Wazee wetu wengi hawasemi "kadi ya mpiga kura". Wanasema SHAHADA. Litafakari neno hilo. Shahada ni ushahidi. Unaposimama mbele ya sanduku la kura unashuhudia kwamba fulani anafaa kubeba amana ya watu. Na ushahidi hautolewi na mtu asiyejulikana.

Juzi baada ya darsa Mailimoja alinifuata mzee mmoja, kwao ni Maneromango. Mwaka 2020 kadi yake ilikuwa imepotea. Akasikia kwamba aliyepoteza kadi anaweza kupiga kura kwa kitambulisho cha Taifa, pasipoti au leseni ya udereva, madhali yumo kwenye Daftari. Akachukua kitambulisho chake cha NIDA, akatembea hadi kituoni. Akarudishwa. Kwa nini? Kwenye Daftari ni Athumani. Kwenye NIDA ni Othman. Picha ni yake, uso ni wake, majirani wote wanamjua, lakini majina hayakulingana. Akaniambia, "Shehe, siku ile nilijiona mgeni katika kijiji nilichozaliwa."

Ndugu yangu, ni Waislamu wangapi wana tatizo hili? Hadija na Khadija. Shabani na Shaaban. Madrasa uliandikwa hivi, zahanati vile, na NIDA karani akaandika alivyosikia. Tunacheka, tunasema "jina ni lile lile". Ndiyo, ni lile lile kwako na kwa mama yako. Kwa karani anayekagua herufi kwa herufi ni watu wawili.

Wapo wanaouliza: haya mapicha na alama za vidole ya nini, si usumbufu tu? Nawajibu kwa Qur'ani. Aya ndefu kuliko zote ni ya deni, Al-Baqara 282. Humo Allah anatuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Ikiwa deni la shilingi elfu hamsini linataka maandishi na mashahidi, itakuwaje amana ya kuongoza nchi nzima? Tangu mwaka 2015 Daftari letu linachukua picha, saini na alama za vidole, ili aliyekufa asipigiwe kura na aliye hai asipige mara mbili. Hilo ni jema, na Sharia inapenda uhakika.

LAKINI uadilifu una pande mbili. Kitambulisho kimewekwa ili mwenye haki ajulikane, hakikuwekwa ili azuiwe. Wanazuoni wana kanuni kwamba mambo hupimwa kwa makusudio yake. Mwaka 2009 kule Pemba uandikishaji uliingia kwenye mvutano mkubwa, kwa sababu bila kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huandikishwi, na wapo waliolalamika kwamba wamenyimwa kitambulisho hicho. Chombo cha kuthibitisha haki kikageuka kuwa ukuta. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, kadi ya mpiga kura haikuwa sharti. Ukaazi wako na kutambuliwa na wenzako mtaani ndiko kulikobeba uzito. Basi mimi naona hata uchaguzi mkuu unahitaji mlango kama huo: mtu yumo kwenye Daftari, picha ni yake, herufi mbili zimetofautiana, waitwe majirani waadilifu washuhudie. Mashahidi wawili wanatosha kufungisha ndoa, watashindwaje kumtambua mzee wa kijijini kwao?

Mlango huo bado haujafunguliwa. Basi tutumie uliopo kila Daftari linapoboreshwa.

Kwanza, toa kadi yako leo uisome. Kama ni ya 2015 au ya 2020 na taarifa ziko sawa, inafaa, usiende kujiandikisha upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Kama imepotea, imefutika, jina limekosewa au umehama kutoka Kisarawe kuja Kibaha, nenda kituoni.

Pili, kijana utakayetimiza miaka 18 kufikia siku ya uchaguzi, nawe nenda.

Tatu, dada yangu mwenye niqabu, usibaki nyumbani. Mafakihi wameruhusu mwanamke afunue uso panapohitajika ushahidi, na hii ni haja kama hiyo. Omba kwa adabu upigwe picha na karani wa kike kama yupo.

Nne, mwenye pikipiki ampakie bibi yake. Maimamu watangaze baada ya kila swala. Thawabu si za kuchimba visima peke yake.

Na la mwisho, nalisema kwa uchungu. Wapo wanaopita wakinunua kadi, au "kuazima" kwa kilo ya sukari na kanga. Sheria inaiita jinai. Mimi nakuuliza kama Muislamu: ukiitwa mahakamani, ungeuza ushahidi wako? Allah ametukataza kuficha ushahidi, na anayeuficha moyo wake una dhambi. Sukari itaisha kabla ya Idi. Aliyenunua shahada yako atakutawala miaka mitano.

Yaa Allah, tujaalie viongozi wanaokuogopa, na utujaalie tuwe mashahidi wa haki. Ututilie baraka katika Shaabani na utufikishe Ramadhani tukiwa wazima. Aamiin.

Mtumie mzazi wako ujumbe huu, kisha umuulize: "Shahada yako iko wapi, na imeandikwa jina gani?"

Wabillahi tawfiq.