Ticha wa Nidhamu Si Mshauri Wako

Wanangu, ukiambiwa shule yenu ina ushauri nasaha, usipige makofi bado. Uliza kwanza: mshauri mwenyewe ni nani?

Shule nyingi huku kwetu jibu ni lile lile. Ni mwalimu wa Hisabati au wa Historia, vipindi vimemjaa wiki nzima, madaftari ya kusahihisha yamemfika shingoni, halafu akabandikwa na hiyo kazi juu. Simlaumu yeye. Kaonewa pia.

Lakini shule niliyosoma mimi, mshauri ndiye huyo huyo aliyekaa kamati ya nidhamu. Sasa nambie, mtoto ambaye halali usiku kwa sababu babake anampiga mamake, atamfungulia moyo mtu ambaye Ijumaa ataamua arudishwe nyumbani alete mzazi? Mzazi yupi? Si huyo huyo baba!

Ushauri unaanza na siri. Siri ikikosa pa kukaa, huko ni kuhojiwa tu.

Na hapa ndipo tunapopigwa danadana. Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Walimu wanaajiriwa na TSC, kule Nairobi. Mshauri wa shule ni wa nani? Kila mmoja ana mwenzake wa kumsukumia, na mtoto kabaki katikati.

Si eti hawakuambiwa. Mwaka 2020 jopo la Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze afya ya akili kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kinavunja Katiba. Vizuri, pingu zimetoka. Lakini huyo aliyeponea, Jumatatu akirudi darasani, aongee na nani?

Washauri tunawaona msiba ukishatokea. Moto ulipoua wavulana 21 Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, Msalaba Mwekundu ulipeleka watu wa kuwatuliza wazazi na wanafunzi. Kazi nzuri. Lakini kwani lazima watu wazikwe ndio mshauri aje?

Najua kuna mzee atasema, "Sisi tulichapwa na tukatoka watu." Shikamoo mzee wangu. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, mimi hata sijazaliwa. Fimbo ikatolewa, mahali pake hakuna aliyewekwa. Na wewe utakayesema huyu aliacha chuo: ndiyo, niliacha chuo, sikuacha kuona.

Pesa hakuna ya mshauri kila shule? Basi tuanze na mmoja kwa shule nne jirani. Kisiwa chenyewe hiki, Buxton mpaka Tononoka mpaka Mji wa Kale unaenda kwa miguu. Awe amesomea kazi hiyo, asiwe chini ya mwalimu mkuu, asikanyage kamati ya nidhamu. Tumeona nyumba za zamani za Buxton zikivunjwa na ghorofa zikasimama ndani ya miaka michache. Tusiambiwe haiwezekani.

Mkutano wa wazazi ukifika, mpe mamako maswali matatu aende nayo: Mshauri wa hii shule amesomea nini? Kamati ya nidhamu anakaa? Mwanangu akimwambia jambo, litaishia wapi?

Wakibabaika hapo, ujue shule yenu haina mshauri.