Spea imeondolewa, mnunuzi hakuambiwa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Ubungo, Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia hadharani kuhusu tairi la akiba, lile ambalo madereva wote nchini wanaliita spea. Katika magari mengi madogo yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, spea haimo. Haikuibwa njiani. Gari lilitoka kiwandani bila spea, miaka mingi kabla ya kufika kwetu, na tangu mnadani Japani hadi yadi za hapa mara nyingi hakuna anayejisumbua kumwambia mnunuzi.

Fungua buti la gari la namna hiyo, uinue zulia. Mahali pa kulaza tairi utakuta kitako cha povu gumu jeusi, na ndani yake vitu viwili: kimashine cha kujazia upepo, kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, na chupa ya gundi ya majimaji. Tairi likipata pancha, gundi inaingizwa kupitia kwenye valvu, upepo unajazwa, kisha dereva anakwenda taratibu, bila kuzidi kilomita 80 kwa saa, hadi kwa fundi. Ubavuni mwa chupa kuna lebo, na kwenye lebo kuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Naomba uisome tarehe hiyo kwa makini, maana hoja yangu kubwa iko hapo.

Gundi hizi kwa kawaida hudumu miaka minne hadi minane, kutegemea mtengenezaji. Sasa magari ya mitumba tunayoyanunua yana umri gani? Minane, kumi, kumi na miwili, mengine kumi na mitano. Ndiyo maana TRA inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari ya abiria yaliyofikia umri huo. Kwa hiyo gari linashuka melini halina spea, na kile kilichowekwa badala ya spea muda wake umeshapita. Mtu ametoa akiba yake ya miaka, amelipa ushuru, amelipa bima, amesajili, anatoka yadini akiamini ana kila kitu. Siku ya pancha ndipo anapoujua ukweli, tena akiwa barabarani.

Hata ikiwa bado mpya, gundi ina mipaka yake. Inaziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi, tundu la milimita nne hivi. Tairi likichanika ubavuni, gundi yote itamwagika chini. Na barabara zetu zinachana ubavu: kingo za lami zilizomeguka, kokoto kali za njia za mchepuko wakati wa ujenzi, mashimo yaliyojaa maji ya mvua ambayo dereva anadhani ni dimbwi tu. Mafundi pancha nao hawaipendi. Inalowesha tairi lote kwa ndani, lazima isuguliwe na kukaushwa kabla kiraka hakijashika, na wakati mwingine inaharibu sensa ya upepo iliyofungwa kwenye rimu.

Fikiria familia inayotoka Iringa kwenda Dar es Salaam. Imeteremka Kitonga salama, imepita Ruaha Mbuyuni, imeuacha mji wa Mikumi nyuma, jua linazama, nayo sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kilomita zipatazo 50 katikati ya tembo, nyati na simba. Tairi la nyuma linachanika ubavuni. Mwenye spea atashuka kwa hofu, atalegeza nati, atapiga jeki, na baada ya nusu saa hivi ataondoka. Asiye na spea atabaki humo na watoto, akiwapungia mkono madereva wa malori, ambao wengi hawatasimama kwa sababu hata wao wanaogopa kusimama pale gizani. Naona ni dhuluma kubwa mtu kuingizwa katika hali hiyo kwa kutoambiwa sentensi moja siku aliponunua gari.

Watengenezaji wana sababu zao, na sababu hizo si za uongo. Spea na vifaa vyake ni uzito wa kilo kumi na nane hivi, na kila kilo inakula mafuta. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya kupunguza hewa ya ukaa ya magari mapya: wastani wa gramu 130 kwa kilomita ifikapo 2015, kisha gramu 95 katika awamu iliyofuata. Kampuni iliyozidisha kiwango ikawa inakabiliwa na faini ya hadi euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, ikizidishwa kwa kila gari jipya lililosajiliwa. Ukipiga hesabu hiyo kwa magari milioni moja utaelewa kwa nini wahandisi walianza kutafuta vitu vya kutupa. Magari ya haibridi nayo yalihitaji nafasi ya betri, na mara nyingi nafasi hiyo ilipatikana chini ya buti. Nchini Marekani, chama cha wenye magari cha AAA kilieleza mwaka 2015 kwamba asilimia 36 ya magari ya toleo la mwaka huo yaliuzwa bila spea, wakati mwaka 2006 yalikuwa asilimia 5 tu.

Lakini uamuzi huo ulipimwa kwa barabara za watu wengine. Dereva wa Nagoya au wa Stuttgart anapiga simu, na gari la kuvuta linamfuata. India, yenye barabara zinazofanana zaidi na zetu, haikuuachia ukimya uamue. Mwaka 2020 serikali yake ilibadilisha kanuni: gari dogo linaweza kuuzwa bila spea, lakini kwa masharti kwamba matairi yake ni ya tyublesi, lina mfumo wa kumwonyesha dereva upepo wa tairi unapopungua, na lina vifaa vya kuzibia pancha. Mtu anaweza kusema masharti hayo hayatoshi, na mimi ni mmoja wao. Hata hivyo yameandikwa, na mnunuzi anaweza kuyadai.

Spea si kitu pekee kilichoondoka kimyakimya. Kijiti cha kupimia oili ya injini, dipstiki, hakimo tena katika injini nyingi za BMW tangu katikati ya miaka ya 2000. Dereva anategemea kile ambacho skrini itamwambia. Magari mengi hayana tena kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Geji ya joto la injini imetoka kwenye dashibodi za magari mengi madogo, zikabaki taa mbili: ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imepata joto kupita kiasi. Mwenye geji, akiupanda mlima Sekenke na mzigo, anauona mshale ukinyanyuka, anazima kiyoyozi, anapumzisha gari mapema. Mwenye taa anasubiri iwake nyekundu, na ikiwaka anaweza kuwa tayari amechelewa. Mafundi wa gereji zetu wanajua ni magari mangapi yanaletwa yakiwa yamechemsha na gasketi imeshaungua.

Ukimya huu unaweza kufika mbali kuliko buti. Februari 2022 shirika la habari la CNBC liliripoti kwamba Tesla, wakati wa uhaba wa chipu, iliondoa kifaa kimoja kati ya viwili vya kielektroniki vya usukani katika baadhi ya Model 3 na Model Y zilizotengenezwa Shanghai, na wanunuzi hawakuambiwa. Kifaa hicho kilihesabiwa kuwa cha akiba, na gari lilikwenda vizuri bila hicho. Linganisha na General Motors: mwaka 2021, uhaba huohuo ulipoilazimu kutengeneza baadhi ya pikapu bila mfumo wa kuzima injini gari likisimama, ilitangaza, na mnunuzi akapunguziwa dola 50. Fedha ndogo, lakini mtu alijua anachonunua na asichonunua.

Uwazi wa namna hiyo una mizizi katika sheria. Tangu mwaka 1958 Marekani inalazimisha kila gari jipya dogo libandikwe dirishani karatasi ya bei inayotaja vifaa vilivyomo. Inaitwa kwa jina la Seneta Mike Monroney wa Oklahoma aliyeipigania. Ni karatasi moja tu, na imedumu zaidi ya miaka sitini.

Hicho ndicho ninachokuomba, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Shirika lako lina kiwango cha kukagua magari yaliyotumika, TZS 698, na lina mamlaka chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Yatumie kuweka hati ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye kioo cha kila gari linalouzwa nchini, liwe jipya la dukani au la mitumba. Itaje kama kuna spea kamili, spea nyembamba, au gundi. Na kama ni gundi, itaje tarehe yake. Itaje kama jeki na spana vimo, oili inapimwaje, geji ya joto ipo au ni taa, na mifuko ya hewa ni mingapi. Muuzaji asaini, mnunuzi asaini, nakala ibaki kwake. Mkaguzi naye asome tarehe ya chupa kama anavyoangalia uchakavu wa tairi, na chupa iliyokwisha muda ibadilishwe kabla gari halijakabidhiwa.

Siombi magari haya yapigwe marufuku. Kwa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo wengi ndiyo magari ya kwanza maishani, yanakula mafuta kidogo, na bei yake inafikika. Anayeishi Sinza na kufanya kazi Posta huenda asiihitaji spea mwaka mzima. Anayeendesha kila wiki kati ya Singida na Tabora anaihitaji, na akijua mapema atanunua rimu na tairi kabla ya safari. Hapo pia atahitaji kuambiwa, maana baadhi ya magari haya hayana hata shimo la kuilaza spea. Italazimika kukaa juu ya buti, na isipofungwa vizuri ikitokea ajali itawarukia abiria wa nyuma.

Tume ya Ushindani nayo ina sehemu yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ninaamini kunyamazia kifaa cha usalama kilichoondolewa ni kupotosha. Taasisi hizi mbili zikikaa meza moja, hati ninayoisema inaweza kuandikwa bila kusubiri Bunge.

Kwa msomaji ambaye wiki hii anakwenda kununua gari: kabla hujatoa hata senti, inua zulia la buti. Ukikuta chupa, soma tarehe. Ikiwa imepita, mwambie muuzaji apunguze bei au akupe spea.

Na kwako, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba jibu la hadharani kama ilivyo barua hii: je, TBS itaanza lini kuikagua chupa hiyo?

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva na mwandishi, Dar es Salaam