Kwa nini kata yako ina mistari mitatu tu mtandaoni

Andika jina la kata yako kwenye simu, halafu ongeza neno Wikipedia. Kwa kata nyingi za Tanzania utapata ukurasa wa Kiswahili. Utakueleza kata hiyo iko wilaya gani, mkoa gani, na sensa ilihesabu wakazi wangapi. Basi. Hutakuta habari za mto unaopita hapo, mnada wa ng'ombe, zao linalolimwa, wala jina la kata lilitoka wapi.

Kurasa hizo ziliandikwa na watu wanaojitolea, na bila wao hata hiyo mistari mitatu isingekuwepo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Si haba. Lakini tazama Ufini, nchi ya Ulaya ambayo watu wake hawazidi sana wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam: Wikipedia ya Kifini ina makala zaidi ya 500,000. Wasemaji wa Kiswahili, kwa makadirio ya UNESCO, wanapita milioni 200. Watu tunao. Heshima nayo tunayo: UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Kinachopungua ni watu wenye sababu ya kuandika leo, kesho na mwakani.

Njia ya zawadi imeshajaribiwa. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, waandike makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Zawadi zilikuwa pamoja na kompyuta na simu. Katika miezi michache zikapatikana makala zaidi ya 900, na watu wakapiga makofi. Shindano lilipokwisha, wengi wa washiriki hawakuonekana tena. Nyingine kati ya makala zao zilikuwa zimetafsiriwa na mashine, na kazi ya kuzisafisha ikawaangukia wahariri walewale wa kujitolea. Sioni sababu ya kuwalaumu wanafunzi. Waliitwa kushindana, wakashindana, wakarudi kwenye masomo yao. Hakuna aliyewaonyesha nani atazisoma makala hizo baadaye, au nani atawanunulia bando ili waendelee.

Kuna kikwazo kingine kisichosemwa sana. Wikipedia haipokei habari ambayo haijachapishwa mahali pengine. Mzee anayejua kijiji kilianzishwa na nani hatajwi kama chanzo mpaka maneno yake yachapishwe, na magazeti hayafiki kila kata. Hapo ndipo redio za wilayani zina nafasi ambayo hata vyuo vikuu hawana. Kila wiki zinahoji wakulima, wakunga wa jadi, wavuvi na maofisa ugani, na mahojiano yakishapita hewani yanapotea. Yakiandikwa na kuwekwa kwenye tovuti ya kituo, yakiwa na tarehe na jina la mtangazaji, mhariri wa Wikipedia anapata pa kuanzia. Mkulima anayetafuta habari za viwavijeshi vamizi kwa Kiswahili naye anapata jibu lililotoka shamba linalofanana na lake. Ningekuwa na fedha za kuhimiza lugha zetu mtandaoni, ningeziweka hapo: mshahara mdogo wa mtu mmoja wa kuandika katika kila kituo, kwa miaka, badala ya kompyuta kumi za zawadi kwa siku moja.

Serikali nazo zinaweza kuvuta mbele au kurudisha nyuma. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwenye blogu kujisajili na kulipia: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni moja nyingine ya kila mwaka. Kijana wa Songea aliyekuwa akiandika kwa Kiswahili kuhusu kilimo cha mahindi angezitoa wapi? Ada hizo zilipunguzwa baadaye, lakini kuna walioacha, na aliyekwisha kuacha harudi kwa sababu tu bei imeshuka.

Rwanda wamefanya kwa namna nyingine. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sauti: unasoma sentensi fupi kwa lugha yako, simu inarekodi, na kompyuta hujifunza kuisikia lugha hiyo. Kampuni ya Kinyarwanda iitwayo Digital Umuganda ilichukua jina la umuganda, kazi ya pamoja ambayo wananchi hufanya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ikawaita watu watoe sauti zao kwa moyo uleule. Kinyarwanda kikafikisha zaidi ya saa 2,000 za sauti, na kuzipita lugha nyingi za Ulaya zenye fedha. Wananchi waliona pia matumizi yake, kwa sababu kazi hiyo iliingia katika huduma ya Mbaza, iliyojibu maswali kuhusu Uviko-19 kwa simu na kwa lugha yao.

Kwa asiyependa kusoma na kuandika kwenye kioo kidogo, sauti ndiyo njia. Kiswahili kimo katika Common Voice, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kushiriki. Kabla hujaanza, fahamu mambo mawili. Kwanza, bando ni lako na hulipwi. Pili, sauti zote hutolewa bure kwa umma: kijana wa Morogoro anayetengeneza programu ya bei za mazao anaweza kuzitumia, na kampuni kubwa ya Marekani pia, bila kukuomba ruhusa. Wengine wanaona hiyo ni kasoro. Wengine wanasema bila hivyo kijana wa Morogoro asingezipata kabisa.