Pua ya Mtu na Pua ya Kabila

Hapa Bukavu karikatura ina maadui wa aina mbili. Kuna wazee wetu, wanaosema kwamba kumvimbisha mkubwa mashavu kwenye karatasi ni kumvunjia heshima, na kwamba tabia hiyo tuliletewa na Wazungu pamoja na magazeti yao. Halafu kuna wakubwa wenyewe. Hao hawabishani sana. Hutuma wito wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Katikati ya makelele hayo swali la maana limeachwa kando: ni mchoro upi unaotudhuru na upi unaotufaa? Kwa maoni yangu tumehangaika kumlinda mtu asiyehitaji ulinzi, huku mchoro wenye sumu kweli ukipita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho.

Hoja ya wazee inajibika bila hata kutoka jimboni. Balega wa Mwenga na Shabunda walikuwa na chama cha bwami kabla gazeti lolote halijafika Kivu. Mtu alipanda ngazi zake kwa mwenendo mwema, kwa mali na kwa msaada wa ukoo, na kila ngazi ilikuwa na mafundisho yake. Mwalimu alishika sanamu ndogo mkononi, akacheza nayo, akatamka methali, na waliokuwepo wakaelewa nani anasemwa. Sakimatwematwe alichongwa na vichwa vingi, kwa kuwa mwenye hekima hutazama pande zote kabla ya kukata shauri. Wayinda alikuwa na tumbo la mimba, na habari yake ilikuwa ya uzinzi na maafa yake. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Balega katika miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake Lega Culture cha 1973 jinsi sanamu hizo zinavyotegemea methali zake. Ukizitenganisha, unabaki na kipande cha mti au cha pembe. Zile za pembe za ndovu, mali ya ngazi ya juu kabisa iitwayo kindi, zilipakwa mafuta tena na tena mpaka zikaiva wekundu. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Sanamu nyingi siku hizi zimekaa kwenye vioo vya makumbusho ya Ulaya na Marekani, kimya, bila mtu wa kuzisemea.

Kumbe kulitia chumvi umbo la mtu ili wengine wajifunze hakukuja na meli. Hata hivyo, wazee wana nusu ya haki yao. Sanamu ya bwami haikuwa na jina la mtu wa mtaani. Ilimsema mgomvi, mzinzi, mchoyo, na mwenye kosa alijijua mwenyewe akiwa ameketi pale pale. Karikatura ya gazetini inataja jina, tena inalitaja kwa uso. Hapo ndipo penye ugeni.

Ugeni huo ulianzia Italia, mwishoni mwa karne ya 16, kwa wachoraji wa familia ya Carracci wa Bologna, waliokuwa wakijiburudisha baada ya kazi kwa kuchora watu wakiwazidishia kasoro zao. Baadaye Gian Lorenzo Bernini, yule yule aliyebuni safu za nguzo za uwanja wa Mtakatifu Petro ambazo Wakatoliki wetu huziona kwenye televisheni kila Pasaka, alimchora Papa Innocent XI akiwa kitandani. Ni mistari michache tu: mzee aliyekonda, pua ndefu, kofia ya kipapa iliyomzidi kichwa, mkono wa mifupa umenyooshwa kuamuru. Ukiangalia unacheka, kisha unagundua kwamba umemjua mtu. Picha rasmi za mapapa hazifanyi hivyo; zinakuonyesha cheo, na mwenye cheo anabaki mgeni kwako.

Mjini Paris mwaka 1831 mchezo huo uligeuka kesi. Charles Philipon, mwenye gazeti La Caricature, alishtakiwa kwa kumtukana Mfalme Louis-Philippe. Mahakamani alichora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa mfalme mwenyewe, cha pili mashavu yamening'inia kidogo, cha tatu yamening'inia zaidi, cha nne tunda la pea. Kama kufanana na mfalme ni kosa, aliiambia mahakama, basi itabidi mkamate na mapea yote. Alifungwa miezi 6. Mwaka uliofuata Honoré Daumier naye akaingia gerezani, kwa kumchora mfalme huyo kama jitu linalomezeshwa mali ya maskini. Wafaransa waliendelea kuchora mapea ukutani.

Kwetu sisi Wakongomani, mchoro mkuu kuliko yote katika historia hiyo ulitoka London, kwenye jarida la Punch la tarehe 28 Novemba 1906. Edward Linley Sambourne alimchora Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akiwa nyoka wa mpira. Mwili umejizungusha kwa nguvu kwenye mwili wa mwanamume mweusi anayejitahidi kujinasua, na kwa nyuma mwanamke anakimbia na mtoto. Ila kichwa hakikubuniwa. Ni ndevu zile zile ndefu na pua ile ile kubwa ambazo kila msomaji wa magazeti ya Ulaya alizijua. Miaka miwili baadaye, Novemba 1908, Kongo ilitolewa mikononi mwa Leopold ikawa koloni la Ubelgiji. Sisemi mchoro ndio ulioitoa. Kazi hiyo waliifanya wanakampeni akina Edmund Morel na Roger Casement, pamoja na picha za mikono iliyokatwa. Ninachotaka msomaji akione ni kile ambacho Sambourne hakukifanya. Hakuwachora Wabelgiji. Alichora ndevu za mtu mmoja na tendo lake moja, na Mbelgiji mwingine yeyote angeweza kuutazama ukurasa ule bila kujiona ndani yake.

Sasa weka kando yake Tintin au Congo, hadithi ya mchoraji wa Kibelgiji Hergé iliyoanza kutoka mwaka 1930 katika gazeti la watoto la Le Petit Vingtième. Wakongomani wote mle wana mdomo mmoja na macho mamoja. Mfute huyu umweke yule, hadithi inaendelea vile vile. Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa akiishi Brussels, alikipeleka kitabu hicho mahakamani mwaka 2007, na mwaka 2012 majaji wakamkatalia. Sheria ina hesabu zake. Lakini kwa upande wa ufundi sina shaka: hiyo si karikatura. Mchoraji wa karikatura hutafuta kinachomtenga mtu na ndugu zake. Hergé alitafuta kinachowafanya wote kuwa kitu kimoja, akakiita Mkongomani.

Tofauti hii ingebaki mazungumzo ya wasomi kama tungekuwa tunaishi kwingine. Sisi tunaishi ng'ambo ya mto Ruzizi. Upande wa pili, nchini Rwanda, kuanzia mwaka 1990, Hassan Ngeze alikuwa akichapisha Kangura, gazeti lililojaa michoro, na ndani yake Mtutsi alichorwa kama aina ya kiumbe, hakuchorwa kama mtu. Tunajua mauaji ya kimbari yaliyofuata mwaka 1994, kwani waliokimbia walivuka daraja wakaja hapa kwetu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha mwaka 2003. Rufaa ya 2007 ikakipunguza kuwa miaka 35. Na tusijifanye kwamba ugonjwa ule ulibaki Rwanda. Agosti 1998 mjini Kinshasa watu waliodhaniwa kuwa Watutsi waliuawa barabarani kwa sababu ya sura zao tu, na mpaka leo Mnyamulenge, Mtutsi wa huku Kivu Kusini, akishuka kutoka milima ya Minembwe na Itombwe anajua kwamba kuna mahali uso wake utasomwa kabla ya karatasi zake.

Kwa hiyo pua, hapa Kivu, ni kiungo chenye rekodi ya damu. Mchoraji wa Paris au wa Nairobi anaweza kuirefusha ovyo. Wa Bukavu lazima ajiulize kwanza anarefusha pua ya nani. Kipimo ninachokitumia ni chepesi: kaka wa huyu bwana akipita barabarani, watu watamdhani kuwa ndiye aliyechorwa? Wakimdhani hivyo, na binamu yake, na kijiji chake chote, basi kalamu imeacha kumchora mtu.

Kuna watakaosema kwamba kipimo hicho kinamfunga mchoraji mikono. Watazame Wakongomani wenyewe walivyofanya. Rais Mobutu alijitengenezea picha kabla hajachorwa na mtu: kofia ya ngozi ya chui, miwani, fimbo, vazi la abakosti. Kwenye taarifa ya habari ya televisheni uso wake ulikuwa ukishuka kutoka mawinguni. Alipofungua mlango wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, na magazeti ya Kinshasa yakafumuka, wachoraji hawakuwa na haja ya kugusa ukoo wake. Waliichukua kofia ile ile, vazi lile lile, wakavigeuza dhidi yake. Mpinzani wake, Étienne Tshisekedi, naye alikuwa na kofia yake bapa. Thembo Kashauri, anayejulikana kwa jina la Kash, alijijengea jina katika gazeti la Le Potentiel akiwachora wanasiasa namna hii, mmoja mmoja, kila mtu na ishara aliyoichagua mwenyewe. Nchini Kenya, mchoraji Gideon Kibet, yule Kibet Bull, alikwenda mbali zaidi: alimweka Rais Ruto kama kivuli cheusi, bila jicho wala mdomo, na kila mtu akamtambua. Alitekwa tarehe 24 Desemba 2024, akaachiwa Januari 6. Kivuli kisicho na uso kiliwakera watu kuliko matusi ya mitandaoni, na sishangai, maana matusi ni rahisi kuyapuuza.

Wakubwa wa Afrika Mashariki wanajua vizuri nguvu hiyo. Januari 2015 mchoro wa Gado, mchoraji wa kampuni ya magazeti ya Nation ya Kenya, uliomhusu Rais Kikwete ulifuatiwa na kuzuiwa kwa gazeti la The EastAfrican nchini Tanzania, na mwaka uliofuata Gado akawa nje ya Nation baada ya zaidi ya miaka 20. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Katiba ya 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Lakini amri-sheria ya tarehe 16 Desemba 1963 kuhusu kumkosea Mkuu wa Nchi iliwekwa kabla hata Mobutu hajachukua madaraka, na imewasubiri wachoraji wa kila kizazi. Na Bukavu ni mji ulioshuhudia waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, wakiuawa kwa risasi. Hawakuwa wachoraji, ila kila anayeshika kalamu hapa anawakumbuka.

Nimewasikia marafiki wakisema kwamba huu si wakati wa kucheka, hasa tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025. Ningekubaliana nao kama kunyamaza kungesimamisha michoro. Hakusimamishi. Picha zinaendelea kupita kwenye makundi ya WhatsApp usiku na mchana, na nyingi za zile mbaya hazina sahihi: nyuso za kabila zima zimegeuzwa nyoka na panya, zimetumwa na mjomba anayesali kila Jumapili. Ukimfungia mchoraji anayeweka jina lake chini ya kazi yake, unawaachia uwanja wasio na jina. Yeye unaweza kumjibu, kumshtaki hata, ukimkuta amekosea. Hao utawashtaki wapi?

Kwa hiyo ninawaomba wabunge wanaotuwakilisha Kinshasa mambo mawili. Waifute amri ya 1963, kwa sababu rais ana bajeti, walinzi na televisheni, hahitaji pia kukingwa na penseli. Na waisukume parke iitumie ile amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, ambayo tayari tunayo na haiwagusi wachekeshaji. Nanyi mnaosimamia makundi ya WhatsApp ya mitaa, kuanzia Kadutu hadi Bagira na Ibanda: ikiingia picha inayomcheka gavana, meya au kamanda kwa alichokifanya, iacheni. Ikiingia inayochora uso wa kabila, ifuteni na mtajeni aliyeituma.