Bustani ya Majani ya Rangi

Wengi wetu tunapenda nyumba yenye maua mbele ya mlango, lakini nafasi ya kuyahudumia hatuna. Waridi hutaka kupogolewa, kutiwa mbolea na kukaguliwa wadudu kila mara, na baada ya kazi yote hiyo linachanua siku chache na kupukutika. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akawahisha watoto shule, akaenda kazini au sokoni, kisha akarudi kupika, atapata wapi muda huo? Mwezi huu tunapendekeza mimea ambayo uzuri wake uko kwenye jani lenyewe. Haingoji msimu wa kuchanua. Inapendeza Januari kama inavyopendeza Julai.

Ya kwanza ni krotoni, kichaka kile chenye majani ya manjano, mekundu, ya machungwa na ya kijani, mara nyingine yote katika tawi moja. Asili yake ni Indonesia, Malaysia na visiwa vya Pasifiki, na hali ya hewa yetu inaipenda, hasa pwani na maeneo yasiyo na baridi kali. Inaweza kufika urefu wa mtu ukiiacha, au ukaikata ikawa ua fupi la kuzunguka nyumba. Akina mama wanaopamba kanisa wanaijua vizuri, maana matawi yake yakikatwa na kuwekwa ndani ya maji hukaa muda mrefu bila kunyauka.

Kuna jambo moja kuhusu krotoni ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua. Rangi yake hutoka juani. Ukiipanda chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopata jua, majani mapya yatatoka ya kijani tupu, nawe utadhani umeuziwa mche mwingine. Sababu ni hii: jani lina kijani kinachotengeneza chakula cha mmea, na pamoja nacho zipo rangi nyingine, za manjano na nyekundu. Mmea ukikosa mwanga huongeza kile kijani ili ushibe, na rangi zile nyingine hufunikwa au hazitengenezwi kabisa. Hamishia juani, taratibu, na majani mapya yatarudi na rangi. Yale ya zamani hayatabadilika sana. Yaache yadondoke yenyewe.

Mimea yenye mabaka meupe ina tabia yake. Sehemu nyeupe haina kijani, kwa hiyo haijitengenezei chakula. Ikitokea tawi moja limechipua kijani kitupu, tawi hilo lina nguvu kuliko mengine na baada ya muda litaumeza mmea wote. Likate mapema, tena likate kutoka pale lilipoanzia.

Masale hatuna haja ya kuyaeleza sana. Mwenzetu aliyezaliwa Kilimanjaro anajua kwamba isale ni zaidi ya pambo: ndilo hutenganisha kihamba na kihamba, na ndilo hushikwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Yapo pia masale yenye mistari ya manjano katikati ya jani, yanapendeza sana karibu na ukuta na yanavumilia kivuli ambacho krotoni haikitaki. Mkate urefu wa sentimita 20, chomeka ardhini mwanzo wa mvua, basi. Kwa sehemu tupu za chini kuna lile jani la zambarau linalotambaa, asili yake Mexico. Linavumilia ukame na udongo duni, lakini lisipozuiwa litavuka mpaka wa jirani. Vipande ulivyong'oa usivitupe bondeni wala kando ya mto, maana kila kipande chenye pingili huota.

Kupanda kwenyewe ni rahisi. Kata kipande cha krotoni chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha matatu au manne juu, ngoja utomvu ukauke, kisha chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na udongo wa tifutifu, kivulini. Vaa nguo kuukuu, kwa kuwa utomvu huo ukigusa kitambaa doa lake halitoki, na kuna watu unaowawasha ngozi. Baada ya wiki nne hadi sita vuta kidogo; ukiona kinang'ang'ania, mizizi imetoka. Wakati mzuri wa kuhamishia bustanini ni masika yanapoanza, au vuli, ili mvua ikufanyie kazi ya kumwagilia. Weka samadi iliyooza na matandazo ya nyasi kavu, yasiguse shina. Mmea ukishashika, kumwagilia vizuri mara moja au mbili kwa wiki wakati wa kiangazi kunatosha. Maji kidogo kidogo kila siku huifanya mizizi ikae juu juu.

Vumbi la kiangazi huleta utitiri chini ya majani, nayo yanafifia kama yaliyopauka. Yaoshe kwa maji, hasa upande wa chini. Wengi hukimbilia dawa ya dukani kabla ya kujaribu maji, na hilo hatulikubali, hasa penye watoto.

Na hapo kwenye watoto ndipo tunapotaka kukaa zaidi, maana sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaiangalia bustani kwa jicho jingine. Upo mmea unaouzwa katika vitalu vingi vya kando ya barabara na kuwekwa sebuleni: shina nene lenye pingili mithili ya muwa, majani mapana ya kijani yenye madoa meupe. Wataalamu huuita difenbakia. Ndani yake mna chembechembe kama sindano ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mtoto akitafuna jani, sindano hizo humchoma mdomo, ulimi na koo. Analia, anadondosha mate, midomo inavimba na pengine sauti inapotea. Kaladia, lile jani la umbo la moyo lenye waridi na nyeupe, lina sindano za namna hiyo hiyo. Mara nyingi maumivu hupungua baada ya muda, lakini koo likivimba mtoto anaweza kushindwa kupumua.

Ikitokea, mtoe vipande mdomoni, mfute kwa kitambaa chenye maji, na kama anameza vizuri mpe maji baridi au maziwa kidogo. Usimtie kidole ili atapike, kwa sababu kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Usimpe chumvi wala mafuta. Akipumua kwa shida, akikoroma au akishindwa kumeza mate, usisubiri: nenda hospitali, na ubebe jani lile ili wahudumu walione.

Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda ukachunguzwe. Hili linahusu hasa mnyaa, pamoja na ile aina yake yenye vijiti vya rangi ya machungwa inayopandwa siku hizi kama pambo. Utomvu wake unaweza kujeruhi kioo cha jicho. Tunajua desturi ya kukamulia maziwa ya mama jichoni. Tafadhali iacheni, maji ndiyo dawa ya kwanza.

Mbarika wenye majani mekundu ndio tunaoomba msiupande kabisa penye watoto. Mbegu zake zina madoa mazuri kama shanga, na watoto huziokota wakachezee. Mbegu iliyotafunwa ina sumu kali, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo mtoto anayecheza vizuri asikudanganye. Mpeleke hospitali mara tu ukijua ametafuna.

Poinsetia, kwa upande mwingine, imesingiziwa. Hatusemi mkrismasi, ule mti mkubwa. Tunasema kile kichaka ambacho majani yake ya juu hugeuka mekundu usiku unapokuwa mrefu, kuelekea mwisho wa mwaka. Watu wengi wanaamini jani lake moja linaua mtoto. Si kweli. Maziwa yake huwasha ngozi, na akila anaweza kuumwa tumbo au kutapika, lakini hakistahili hofu ile. Kipande mbali na taa ya barazani, kwa kuwa mwanga wa usiku hukizuia kugeuka mwekundu.

Kwa mwenye mtoto anayetambaa, tunashauri hivi: difenbakia na kaladia mpe rafiki ambaye watoto wake wamekua, na chini weka yale usiyoyaogopa sana. Koleusi kwa mfano, ile yenye majani laini ya rangi ya damu ya mzee na kingo za kijani, inaota hata kwenye glasi ya maji kwa wiki moja hivi. Kata vishada vya maua vinapochomoza, na majani yatabaki mengi.

Jambo la mwisho ni visahani vya chini ya vyungu. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake mwenye madoa meupe, anayeuma mchana, hutaga mayai katika maji machache kama hayo. Mwaga maji ya visahani angalau mara moja kwa wiki na usugue kingo, kwa kuwa mayai hugandia pale juu ya maji. Au vijaze mchanga, ambao utanyonya maji yote yanayodondoka.