Pomboo wa Nungwi na mto wa Moi's Bridge

Tuanzie Nungwi, Unguja. Mwishoni mwa Aprili 2006, mamia ya pomboo walikutwa wamekufa ufukweni, kuanzia Nungwi hadi Kendwa. Wataalamu walipowapasua, walikuta matumbo karibu matupu. Uchunguzi wa awali haukuonyesha sumu. Wengi walishuku kuwa walipotea njia, wakaingia maji mafupi na kukwama.

Aliye Moi's Bridge, Kenya, asidhani vifo vya viumbe wa majini ni habari ya watu wa pwani tu.

Mto Nzoia, unaopita hapo, humwaga maji yake Ziwa Victoria. Mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia hustawisha mwani ziwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni hupungua, na samaki huelea matumbo juu.